Mtoto njiti: kinachofanyika wodini, sababu zake, na kinachobaki kwa mzazi

Mzazi anayeingia kwa mara ya kwanza katika wodi ya watoto wachanga, iwe ni katika hospitali ya kaunti mjini Kilifi au ile ya Malindi, hukutana na mambo mengi kwa mpigo. Mtoto wake, mwepesi kuliko pakiti ya unga ya kilo mbili, huenda amelazwa uchi chini ya taa ya buluu na macho yamefunikwa. Mrija mwembamba umepitishwa puani hadi tumboni. Kisigino kina alama za sindano. Mashine inalia, muuguzi anakuja, anamsugua mtoto mgongoni, anaandika jambo kwenye karatasi na kwenda kwa mtoto mwingine. Mzazi hubaki na maswali, na mara nyingi majibu huyapata nyumbani, kwa watu ambao hawajawahi kuingia wodi hiyo.

Maswali hayo yasipojibiwa, gharama yake ni kubwa. Familia inayoona kwamba mtoto anateswa huomba kumtoa kabla hajawa tayari. Mama anayeambiwa kwamba maziwa yake ni mepesi huanza kumpa mtoto maziwa ya ng'ombe kwa siri. Wengine hutoka salama lakini hawarudi kliniki, kwa kuwa mtoto "ameshapona". Ndiyo maana inafaa kila mkazi aelewe kinachofanyika humo ndani, hata asiyetarajia kuzaa, kwani mama wa mtoto kama huyu hahitaji muuguzi peke yake. Anahitaji pia nyumba inayomwelewa.

Mimba huhesabiwa wiki 40. Mtoto anayezaliwa kabla ya wiki 37 kutimia ndiye anayeitwa njiti, na kadiri anavyozaliwa mapema ndivyo viungo vyake vinavyokuwa havijakomaa. Aliyezaliwa wiki ya 35 huenda akahitaji siku chache za uangalizi tu. Aliyezaliwa wiki ya 29 huhitaji wiki nyingi. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mwaka 2020 watoto wapatao milioni 13.4 walizaliwa kabla ya wakati duniani, yaani takriban mmoja katika kila kumi. Si laana, wala si jambo linalotokea kwa familia moja tu kijijini.

Habari njema ni kwamba mengi yanayowaua watoto hawa yanajulikana, na sehemu kubwa huzuiwa kwa kazi ya mikono: kupima, kupasha joto, kulisha kidogo kidogo, kunawa, na kuangalia saa baada ya saa.

Baridi katika mji wa joto

Swali linalosikika sana Pwani ni hili: Kilifi kuna joto hivi, mtoto atapataje baridi?

Jibu liko kwenye ngozi yake. Mtoto njiti hana mafuta chini ya ngozi, na ngozi yenyewe ni nyembamba kiasi cha kupitisha maji. Akizaliwa akiwa amelowa, unyevu ule unapokauka hubeba joto lake lote. Kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, nacho hupoteza joto kikiwa wazi. Joto la mwili linalotakiwa ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Mtu mzima anayefurahia upepo wa bahari dirishani hawezi kutumia raha yake mwenyewe kumpimia mtoto wa kilo moja na nusu, na pangaboi linalozunguka juu yake linaweza kumshusha joto kwa muda mfupi sana.

Mtoto akipoa, mambo mengine huharibika kwa kufuatana. Mwili hutumia sukari yote kutafuta joto, sukari ya damu inashuka, pumzi inakuwa nzito, anaacha kunyonya. Kwa hiyo muuguzi humkausha mara tu anapozaliwa, humvisha kofia na soksi, na humpima joto kila baada ya saa chache. Kuoga husubiri. Mtoto aliyetimiza miezi anapaswa kukaa angalau saa 24 kabla ya kuogeshwa, na njiti hukaa zaidi ya hapo. Nyanya anayesikitika kwamba mjukuu hajaoshwa tangu jana hana haja ya kudhani amepuuzwa.

Njia iliyo bora ya kulinda joto hilo haihitaji umeme. Mwaka 1978 katika jiji la Bogotá, Kolombia, daktari wa watoto Edgar Rey alikuwa na watoto wengi kuliko mashine za joto, na maambukizi yalikuwa yakienea kwa watoto waliolazwa pamoja. Aliwaomba akina mama wawabebe watoto vifuani, ngozi kwa ngozi. Hiyo ndiyo huduma inayoitwa kangaruu, kwa mfano wa mnyama anayebeba mtoto wake kwenye mfuko wa tumbo.

Kwa miaka mingi watu waliichukulia kama njia ya hospitali maskini, ya kutumiwa pale mashine inapokosekana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulibadilisha mtazamo huo. Ulifanywa katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na nchi jirani ya Tanzania, kwa watoto zaidi ya 3,200 waliozaliwa na uzito wa kati ya kilo 1 na kilo 1.8. Kundi moja lilianza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, hata kabla hali ya mtoto kutulia. Kundi la pili lilikaa kwenye mashine za joto kwanza, kama ilivyokuwa desturi. Katika siku 28 za mwanzo, waliofariki katika kundi la kangaruu walikuwa 12 kati ya kila 100. Katika kundi la mashine walikuwa karibu 16. Mwaka uliofuata WHO ilipendekeza kangaruu ianze mapema iwezekanavyo, kwa saa 8 hadi 24 kila siku.

Namna ya kumbeba ina utaratibu wake. Mtoto huvishwa nepi, kofia na soksi tu. Huwekwa wima katikati ya matiti, kifua chake kikigusa kifua cha mama, miguu imekunjwa na kupanuliwa kama ya chura, kichwa kimegeuzwa upande na kuinuliwa kidogo ili njia ya hewa isijifunge. Kisha hufungwa kwa leso, ukingo wa juu ukifika chini ya sikio lake. Leso ibane kiasi cha kumzuia asiteleze mama anaposimama, lakini isimkandamize tumbo, kwani mtoto hupumua kwa tumbo. Usiku mama hulala akiwa ameegemea mito, si chali kabisa.

Baba anaweza kumbeba. Shangazi na nyanya pia. Mama aliyejifungua kwa upasuaji na bado ana maumivu huhitaji kifua kingine kwa saa kadhaa, na kifua cha baba kina joto lile lile. Mwanamume anayeona haya kuvua shati wodini atagundua upesi kwamba wauguzi wameshazoea.

Kangaruu pia ndiyo njia nzuri ya kumsafirisha mtoto. Akizaliwa mbali na hospitali, tuseme zahanati ya ndani huko Ganze au Magarini, au akizaliwa nyumbani kabla ya gari kufika, safari yote aifanye akiwa kifuani, amefunikwa, na si peke yake ndani ya blanketi kwenye kiti cha nyuma.

Mapafu yanayoshikamana

Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo vya hewa. Kwa mtoto aliyekomaa, vifuko hivyo vimepakwa utelezi maalumu unaovizuia kushikamana anapotoa pumzi. Njiti ana utelezi mchache. Kila pumzi kwake ni kama kufungua mfuko wa plastiki uliolowa ndani: unafunguka kwa shida, kisha unashikamana tena. Ndiyo sababu mbavu zake hubonyea, pua hutanuka, hutoa sauti ya kuguna, na huhema zaidi ya mara 60 kwa dakika. Baada ya saa kadhaa za kazi hiyo, huchoka.

Mashine ya CPAP husukuma hewa puani kwa nguvu ndogo isiyokatika, ili vifuko visifungike kabisa. Aina inayotumika katika hospitali nyingi za Kenya ina chupa ya maji yenye viputo, na viputo hivyo si pambo. Vikikoma, muuguzi hujua kuna mahali hewa inavuja, labda mrija umetoka puani. Pamoja na hayo, anaangalia kama ngozi ya pua inachubuka, anaondoa makamasi, na anasoma kipimo kilichofungwa mguuni kinachoonyesha oksijeni katika damu. Mtoto njiti anayepewa oksijeni hutakiwa kubaki kati ya asilimia 90 na 95. Wazazi wengine huomba oksijeni iongezwe wakidhani zaidi ni bora. Si kweli kwa mtoto huyu. Oksijeni ikizidi huharibu mishipa ya damu ya macho yake.

Kuna tatizo la pili la pumzi ambalo huwatisha wazazi kuliko yote. Mtoto anapumua vizuri, kisha anaacha. Sehemu ya ubongo inayoamuru pumzi haijakomaa, na ni kama imesahau. Akipitisha sekunde 20 bila kupumua, au kwa muda mfupi zaidi lakini akabadilika rangi na moyo ukapungua mapigo, hiyo ni dharura. Mara nyingi kumsugua mgongo au nyayo kunatosha kumkumbusha. Kusipotosha, muuguzi humpa hewa kwa mfuko na barakoa. Dawa inayotumika kuzuia hali hiyo ni kafeini, ile ile iliyomo ndani ya kahawa na chai, lakini imepimwa kwa uzito wa mtoto na kutolewa na mhudumu. Hakuna chai ya nyumbani inayoweza kuchukua nafasi yake, na kijiko kimoja kinaweza kumpalia.

Msaada mkubwa kwa mapafu, hata hivyo, hutolewa kabla mtoto hajazaliwa. Mama anayeanza uchungu mapema, kati ya wiki ya 24 na ya 34, anaweza kupewa sindano za deksamethasoni zinazoharakisha kukomaa kwa mapafu ya mtoto aliye tumboni. Zinahitaji muda kufanya kazi. Kwa hiyo mjamzito anayeona maji yametoka, damu, au tumbo linalokaza na kuachia kabla ya miezi kutimia, asisubiri asubuhi. Afike hospitali mtoto akiwa bado tumboni, kwani hakuna gari la wagonjwa linalombeba mtoto vizuri kuliko tumbo la mama yake.

Matone ya maziwa

Kunyonya, kumeza na kupumua kwa zamu ni ujuzi ambao mtoto huupata karibu na wiki ya 34. Kabla ya hapo, maziwa mdomoni yanaweza kuingia mapafuni. Mrija wa puani au mdomoni upo kwa sababu hiyo, na kabla ya kila mlo muuguzi huhakikisha kwamba ncha yake imefika tumboni. Baadaye mtoto huhamia kwenye kikombe kidogo, kisha titi. Chupa za kunyonyea hazishauriwi, kwa kuwa ni vigumu kuzisafisha vizuri na humfanya mtoto alisahau titi.

Kiasi anachopewa huwashangaza wengi. Mtoto wa kilo 1.6 anayeanza na mililita 60 kwa kila kilo hupata mililita 96 kwa siku nzima. Zikigawanywa kwa milo minane, kila baada ya saa tatu, ni mililita 12, kama vijiko viwili na nusu vya chai. Kwa hiyo mama anayekamua matone machache siku ya kwanza hajashindwa. Maziwa hayo ya kwanza, dang'a, mazito na ya rangi ya manjano, yana kinga nyingi kuliko yatakayofuata, na hata tone moja hupakwa ndani ya shavu la mtoto. Siri ya maziwa kuongezeka ni kukamua mapema, na kuendelea angalau mara nane kwa siku, usiku ukiwemo. Mama aliyelala usiku kucha bila kukamua huambia mwili wake kwamba maziwa hayahitajiki.

Hapa nyumba nzima ina kazi. Mama huyu anahitaji chakula, maji na mtu wa kuangalia watoto wengine alioacha. Maneno kwamba maziwa yake ni mepesi hayana msingi: mwili wa mama aliyejifungua mapema hutoa maziwa yenye protini nyingi zaidi siku za mwanzo. Kwa watoto ambao mama zao hawawezi kutoa maziwa kwa sababu ya ugonjwa au kifo, maziwa ya mama mwingine yaliyopimwa na kuchemshwa kitaalamu ndiyo yanayofuata kwa ubora. Benki ya kwanza ya maziwa ya aina hiyo nchini ilifunguliwa mwaka 2019 katika Hospitali ya Pumwani, Nairobi.

Kisigino huchomwa ili kupima sukari. Mtoto njiti hana akiba, na mlo mmoja ukirukwa sukari inaweza kushuka hadi akatetemeka, akalegea au akakakamaa. Kukakamaa huko ndiko wengine Pwani hukuita nyuni na kumpeleka mtoto kwa mganga. Katika mtoto mchanga, degedege ni dalili ya sukari kupungua, maambukizi au damu kuvuja kwenye ubongo, na yote matatu hayangoji. Kwanza hospitali.

Upo pia ugonjwa wa matumbo ambao wauguzi huuogopa sana. Ukuta wa utumbo usiokomaa huvimba na kuanza kufa. Tumbo linajaa na kung'aa, mtoto anatapika kitu cha kijani, choo kina damu. Muuguzi anayepima tumbo kwa utepe au kukagua nepi kwa makini anautafuta ugonjwa huo. Akiushuku, maziwa husimamishwa mara moja, mtoto hupewa maji na dawa kupitia mshipa, na daktari wa upasuaji huitwa. Mzazi huona mtoto ananyimwa chakula, kumbe utumbo unapumzishwa. Watoto wanaolishwa maziwa ya mama hupata ugonjwa huu kwa nadra kuliko wanaolishwa ya kopo, na hiyo ndiyo sababu ya wauguzi kuwa wakali kuhusu maziwa ya ng'ombe yanayoingizwa wodini ndani ya mkoba.

Taa ya buluu

Umanjano wa macho na ngozi huwapata watoto njiti wengi. Chembe nyekundu za damu zinapovunjika hutoa rangi ya manjano, na ini changa haliwezi kuiondoa kwa kasi. (Watu husema "homa ya manjano", lakini huo ni ugonjwa mwingine kabisa, unaoenezwa na mbu.) Rangi hiyo ikizidi huingia kwenye ubongo, na inaweza kumwachia mtoto uziwi na ulemavu wa maisha. Kwa njiti, hatari huanza kwa kiwango cha chini kuliko kwa mtoto aliyekomaa, kwa hiyo taa huwashwa mapema.

Mwanga wa buluu hubadilisha rangi ile iwe kitu ambacho mwili unaweza kukitoa kwa choo na mkojo. Ngozi nyingi iwezekanavyo inapaswa kuonekana, ndiyo maana mtoto yuko uchi, na macho hufunikwa ili mwanga usiyadhuru. Muuguzi humgeuza, humpima joto, na huhakikisha anaendelea kupata maziwa, kwa kuwa asiyepata choo hatoi manjano. Kumwanika juani asubuhi si tiba. Jua halipimiki, humchoma au humpozesha, na mbaya zaidi, humpotezea siku ambazo angekuwa chini ya taa.

Wakazi wa Pwani wana sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Upungufu wa G6PD, kemikali inayozilinda chembe nyekundu za damu, hurithiwa na watu wengi wa eneo hili, kwa sababu zile zile za malaria ya vizazi na vizazi zilizoacha pia seli mundu. Mtoto mwenye upungufu huo akivuta harufu ya naftalini, vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo vinavyowekwa sandukuni, chembe zake zinaweza kuvunjika kwa wingi na umanjano ukapanda ghafla. Nguo za mtoto na leso za kumbebea zisihifadhiwe na vidonge hivyo. Kama zilishahifadhiwa navyo, zitafutwe nyingine.

Manjano yanayoonekana ndani ya saa 24 za kwanza, au yaliyofika viganjani na nyayoni, ni ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Mikono

Kinga ambayo mtoto hupewa na mama kupitia kondo la nyuma hupita zaidi katika wiki za mwisho za mimba. Njiti hakuzipata wiki hizo. Na tofauti na mtu mzima, akishambuliwa na viini mara nyingi hapati homa. Hupoa. Huacha kunyonya, hulegea, pumzi hukatika, au anakuwa "si yeye" kwa namna ambayo mama huiona kabla ya kipimo chochote. Wauguzi wazoefu huichukulia kauli hiyo kwa uzito, na mama asione haya kuisema. Dawa za viuavijasumu huanzishwa kwa kushuku tu, bila kungoja majibu ya maabara, kwani saa chache zinatosha kumpoteza.

Kinga yenyewe ni sabuni na maji. Pete, saa na bangili huvuliwa kabla ya kunawa. Wageni hupunguzwa. Simu, inayoshikwa sokoni, kwenye matatu na chooni, ndiyo kitu kichafu kuliko vyote kinachoingia wodini, na anayepokea simu akiwa amembeba mtoto anapaswa kunawa upya. Kitovu hupakwa dawa iliyotolewa hospitalini pekee. Majivu, mate na mafuta ya kienyeji hayana nafasi hapo.

Kuna mambo machache zaidi ambayo mzazi ataona. Mtoto huguswa kwa upole na kwa nyakati zilizopangwa, hasa siku tatu za mwanzo, kwa sababu mishipa ya ubongo wake hupasuka kwa urahisi. Sindano ya vitamini K husaidia damu kuganda. Hupimwa uzito akiwa uchi. Atapungua kwanza, na huenda ikachukua wiki mbili kurejea uzito aliozaliwa nao, kisha huongezeka takriban gramu 15 kwa kila kilo kwa siku. Baada ya wiki kadhaa hupewa madini ya chuma, kwani hakuwahi kuweka akiba tumboni.

Kutoka wodini

Siku ya kutoka haiamuliwi na kalenda wala na kitanda kinachohitajika. Mtoto awe anashika joto lake akiwa kifuani, ananyonya au kunywa kwa kikombe bila mrija, ameongezeka uzito siku kadhaa mfululizo, na pumzi haijakatika kwa siku kadhaa. Anayetolewa kabla ya hapo mara nyingi hurudishwa akiwa na hali mbaya kuliko ya mwanzo. Gharama isiwe sababu ya kukimbia: mjamzito ajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) kwa kubonyeza *147# au kupitia mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake, ahakikishe michango imelipwa kabla ya kujifungua, na mtoto akizaliwa aongezwe kama mtegemezi.

Kujikinga na uzazi wa mapema huanza kliniki. Shinikizo la damu, maambukizi ya mkojo na malaria ni baadhi ya mambo yanayoleta uchungu kabla ya wakati, na yote hutambuliwa kwa vipimo vya kawaida. Pwani ikiwa eneo la malaria, wajawazito hupewa dawa ya SP kliniki baada ya miezi mitatu ya mwanzo, dozi zikiachana kwa angalau mwezi mmoja, pamoja na neti.

Nyumbani, kangaruu huendelea hadi mtoto mwenyewe aikatae kwa kujinyoosha na kulia, kwa kawaida akikaribia kilo mbili na nusu. Asilazwe chumba chenye moshi wa kuni. Arudishwe hospitali mara moja akiacha kunyonya, akipoa au kuchemka, akihema kwa shida au kuacha kupumua, akikakamaa, akiwa wa manjano, tumbo likivimba, au kitovu kikitoa usaha.

Chanjo hufuata umri wake tangu siku aliyozaliwa, hata akiwa mdogo kiasi gani, isipokuwa mhudumu aseme vinginevyo. Ukuaji ndio hukadiriwa kwa hesabu nyingine. Aliyezaliwa miezi miwili mapema, akifikisha miezi minane hulinganishwa na mtoto wa miezi sita, na jirani anayeuliza mbona hajakaa aelezwe hivyo.

Miadi inayosahaulika zaidi ni ya macho. Mishipa ya nyuma ya jicho la mtoto aliyezaliwa mapema sana, hasa aliyewahi kupewa oksijeni, inaweza kukua vibaya na kuvuta pazia la ndani ya jicho hadi likabanduka. Kwa nje jicho huonekana zima kabisa. Daktari wa macho hulikagua mara ya kwanza mtoto akiwa na umri wa kati ya wiki nne na sita, na tatizo likipatikana hutibiwa kwa miale ya leza au sindano. Muda wa kutibu ni mfupi, na ukipita upofu haurudishiki. Tarehe hiyo iulizwe kabla ya kutoka wodini, na iandikwe kwenye kijitabu cha mama na mtoto.